Pini ya Tunu

Tunu alikuwa fundi cherehani, lakini mji mzima ulimjua kwa kazi ya pili: kuzihamisha pesa za watu kutoka akaunti za malipo ya mtandaoni hadi kwenye soko la sarafu za kidijitali, kisha kuwalipa taslimu.

Asubuhi hiyo Shauri, fundi viatu, aliingia akihema. Mkewe alikuwa amelazwa, upasuaji ukisubiri malipo, na pesa zote za viatu alivyouza ng'ambo zilikuwa bado mtandaoni.

"Dada Tunu, anwani ya pochi yako ya sarafu nimeshainakili, nimeibandika. Nibonyeze tu?"

"Usibonyeze. Kaa kwanza, kaka yangu."

Akachomoa pini kwenye ukosi wake, akaipitisha juu ya kioo cha simu, herufi baada ya herufi, akilinganisha na karatasi aliyokuwa ameandika anwani hiyo kwa mkono wake. Shauri alitamani kumpokonya simu.

Kwenye herufi ya kumi na tisa pini ikasimama.

"Mwanzo sawa, mwisho sawa, katikati ni ya mwizi. Simu yako imeingiwa na kirusi, kinabadilisha anwani unapobandika."

Tunu akaiweka simu ile kando, akafungua akaunti ya Shauri kwenye simu yake mwenyewe, kisha akampa karatasi na pini.

"Nisomee. Mimi naandika."

Shauri akaanza kusoma, pini ikifuata kila herufi. Alipofika katikati, simu yake ikaita mezani: hospitali. Hakuinua macho. Pini ikasogea kwenye herufi iliyofuata.