Mwasumini wa Ngedere

Aliishi Ngedere mmoja, mcha Mungu, ila mikono yake haikujua kutulia. Mto ulipoanza kuimega bustani yake, aliung'oa mwasumini mkongwe alioachiwa na marehemu mamake, akauhamishia mlimani. Hakuwa na mwingine.

Fuko, anayeijua mizizi kuliko wote, alimwambia, "Maji asubuhi, kivuli mchana, kisha subiri mpaka ushike."

Basi kila alfajiri Ngedere alikwenda akaushika. Alilikamata shina kwa mikono miwili, akalitikisa na kulivuta kidogo aone kama liko imara. Siku ya tisa majani yakapukutika.

Ngedere akaja juu. "Mzee Fuko, umeniulia mti wa mama! Si ulisema niushike? Nimeushika kila siku, sijakosa hata moja!"

"Ala! Nilisema ushike wenyewe, ushike udongo. Wewe nani kakutuma?" Fuko akazama chini, akaibuka na udongo puani. "Kila usiku mti unatoa vijizizi kama nyuzi, na kila asubuhi wewe unakuja kuvikata."

Ngedere akaketi. "Mola anisamehe. Kosa si la maneno yako, Mzee. Hata ungesema niuache, nisingeweza. Niliomba dua, kisha nikaiamini mikono yangu."

"Haujafa bado. Maji nitautilia mimi. Wewe ondoka."

Ngedere akahamia kwa shemeji yake, ng'ambo ya bonde. Jani la kwanza lilipochipua, Fuko aliwatuma wajumbe wamwambie aje aone. Ngedere alilia kwa furaha, akaikalia mikono yake yote miwili, akajibu, "Mwambieni nitakuja ukichanua."