Swichi ya Uzio

Wanakondoo saba walikuwa wamelala ndani ya uzio, shingo zimetafunwa na mbwa.

Mume aliushika waya wa umeme wa uzio kwa kiganja kizima. Haukumpiga. Akaingia bandani, akatoka uso umekunjamana.

"Swichi imezimwa. Mama, ni wewe tena?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, shali begani. Tangu mwaka jana alikuwa mtu wa kusahau: jiko analiacha linawaka, bomba linamwagika.

"Labda ni mimi, mwanangu," alisema taratibu. "Siku hizi kichwa changu si changu."

Mke alikuwa amepiga magoti kando ya mwanakondoo mdogo kuliko wote, akilishika sikio lake, bado laini. Jana jioni huyu huyu alinasa kwenye waya, akawa analia kila umeme ulipompiga. Mke ndiye aliyekimbia kuzima swichi. Alimnasua, akamkumbatia mpaka akaacha kutetemeka, kisha akaenda zake kupika. Swichi hakuikumbuka mpaka sasa.

"Basi, imetosha," mumewe alisema. "Leo hii nampeleka kwa dada. Siwezi kuchunga kondoo na kumchunga yeye."

Mke akafungua mdomo. Akaanza kulia.

Mama mkwe akamsogelea, akamgusa bega. "Usilie, mwanangu. Njoo unisaidie kufunga mizigo, nisije nikasahau miwani."

Mke akainuka, akajifuta mikono kwenye sketi, akamfuata ndani.