Tanuri la Pili

Mzee Badawi alikwisha kufunga virago. Alitaka kumuuzia tajiri Mbaruku, mwenye kiwanda kingine pekee cha mkate mjini, kiwanda chake, kisha ahamie kwa binti yake, maana tangu mkewe Zuhura afariki, nyumba ilikuwa imemshinda. Siku ya uamuzi, ofisa wa Tume ya Ushindani, ambayo lazima iidhinishe mauzo kama hayo, alimkaribisha kiti, akamwambia kwa upole:

"Mzee wangu, tumekataa. Tukiruhusu, mkate wote wa mji utakuwa mikononi mwa mtu mmoja, naye atapandisha bei apendavyo. Muuzie mwingine yeyote, ila si yeye."

"Mwingine hayupo, mwanangu. Nimetafuta mwaka mzima."

"Najua. Pole sana."

"Mji mmeulinda," alisema Badawi. "Na mimi je?"

Ofisa alimsindikiza hadi mlangoni.

Nje watu waliokuwa wakingojea uamuzi walimpa mkono, wakamshukuru kana kwamba ni yeye aliyekataa kuuza. Hakuna aliyemuuliza anakula na nani siku hizi. Kiwandani alikuta wafanyakazi wameshaondoka tangu asubuhi, wakidhani kimeuzwa. Angeweza kufunga mlango akaenda zake. Lakini alikunja mikono ya kanzu, akawasha tanuri, akaanza kukanda unga peke yake.

Mikate ya kwanza ilipoiva, alifungua dirisha la barabarani, akakata kipande, akakipaka siagi. Kisha akakata cha pili, akakiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu cha Zuhura, akakitazama kikitoa mvuke.