Aliye Juu Kabisa ya Orodha

Mwanagenzi wa kompyuta alikuwa amebakiza mstari mmoja tu wa programu yake kuusafisha, kidole chake kikaganda juu ya kitufe.

Programu yake iliwapigia simu wagonjwa wa moyo kila asubuhi, kuwakumbusha dawa. Ilifanya kazi, lakini fundi mkuu alipoisoma alimcheka. "Mdogo wangu, x, y, z! Hii ni programu au mtihani wa hesabu? Vipe vitu majina, hata mamako akisoma aelewe."

Basi x ikawa wagonjwa, y ikawa nafasi. Sasa mstari ulisomeka waziwazi: anza na mgonjwa wa nafasi namba moja.

Akausoma tena. Kompyuta huanza kuhesabu orodha kwa sifuri, kwa hiyo namba moja ni mtu wa pili. Aliye juu kabisa hakuwa amepigiwa hata mara moja, wiki tatu nzima tangu programu ianze.

"Mbona umetulia kama maji mtungini?" fundi mkuu akauliza.

Angebadilisha tarakimu ile moja, siri ingezikwa hapohapo. Akafungua orodha. Wa juu alikuwa bibi wa miaka themanini, anayeishi peke yake.

"Kaka, nimekosea," akasema, na tayari simu ilikuwa sikioni, akimpigia bibi yule.

Ikaita. Ikaita tena.