Muhuri wa Nne

Fomu ya kuacha chuo ilidai mihuri minne, na Tumsime alibakiza mmoja tu, wa matroni wa bweni.

"Wino umekauka, mwanangu," alisema Bi Zamda, matroni. "Kaa kwanza, upate chai."

Jana alimwambia hivyo hivyo, na juzi pia. Siku zote mbili Tumsime alikunywa chai kimya, akaondoka na fomu yake.

Leo, Bi Zamda alipomsogezea kikombe, Tumsime aliona vidole vya matroni vimelowa wino wa zambarau wa muhuri.

Akakitua kikombe juu ya fomu.

"Mama," alisema, "wiki ya tatu hii silali."

Bi Zamda akavuta kiti chake karibu. Kikombe kilipoinuliwa, kiliacha duara la chai pale pale palipongoja muhuri.