Hodi ya Saa Kumi

Kwa mara ya tatu wiki ile, Mwalimu Syokau alikaribishwa ndani akakuta uji umemwagika sakafuni na mtoto yuko uvunguni.

"Kavindu, toka, mama. Ni mimi."

Chini ya kitanda ilisikika pumzi ya haraka, basi. Kasiva, mama wa mtoto, alichukua kitambaa akapangusa uji kwa hasira ya mtu aliyechoka. Binti yake alikuwa na miaka sita, na kwa mwezi mzima sasa alikuwa akikojoa kitandani na kukataa chakula. Mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika.

"Ni hodi," alisema Kasiva. "Akisikia hodi saa kumi kama hivi, mbio uvunguni."

"Hodi ya yeyote?"

"Hapana. Jirani akija kuomba chumvi hata hageuki."

Hicho kilikuwa chumba cha mabati katika kambi ya polisi ya Garissa, mwaka wa 1996. Baba wa mtoto, Konstebo Kithome, alisindikiza malori ya chakula mpaka kambi ya wakimbizi ya Ifo, na barabara ile ilikuwa na majambazi. Jumatatu alikuwa ameondoka tena. Mtoto wa askari kuwa na woga halikuwa jambo geni. Lakini kwa nini saa kumi? Mwalimu alijua mtu mmoja aliyepita mlangoni pale saa kumi kila siku, na wazo hilo lilimnyima usingizi.

Siku za kazi Syokau alifundisha shule ya msingi. Jumapili alifundisha watoto kanisani, na hapo hakuwa na mpinzani. Aliwaambia kwamba hasira, wivu na woga si dhambi ya kufichwa. "Mtajie Yesu kila kimoja kwa jina lake. Ukishamtajia, hauko peke yako nacho." Watoto walitaja. Kathini alimwambia Yesu kwamba amemkasirikia mdogo wake kwa kuwa ananyonya peke yake, na darasa zima likasema amina. Kavindu aliimba, alicheka, alimshika mwalimu mkono. Ilipofika zamu yake ya kutaja, alifumba mdomo.

Wanawake wa kambi walimwamini Syokau kuliko hata mchungaji, ambaye parokia yake ilifika mpaka Wajir. Mkuu wa kituo naye alimwamini. Askari mwenye sare hakutumwa kwa mke wa marehemu, maana mayowe yangeanza kabla hajafika mlangoni, kwa hiyo aliitwa mwalimu apeleke habari. Mwaka ule alikuwa ameketi mkekani na wajane wawili. Tangu msiba wa mwezi uliopita alijiwekea desturi ya kuzunguka kambini baada ya shule, aombe na kila familia. Miguu ilimuuma, lakini alikwenda.

Nje punda alilia. Syokau alitoka upesi.

Mursal, muuza maji, alikuwa akishusha mitungi kutoka kwenye mkokoteni. Alikuwa Msomali wa makamo mwenye ndevu nyekundu za hina, ambaye p ilimtoka kama b. Kibali chake cha kuingia kambini ndicho kilicholisha watoto wake saba.

"Mursal, umemfanya nini mtoto wa humu?"

Mtungi ulibaki hewani. "Mtoto? Kafindu?"

"Ukifika, anajificha. Nikienda kwa mkuu wa kituo sasa hivi, hutakanyaga hapa tena."

"Wallahi, mwalimu, usibeleke mimi bolisi." Aliuweka mtungi chini polepole. "Ule mtoto ni rafiki yangu. Anangoja mimi kwa geti. Kila siku anauliza, 'Mursal, umeona mwalimu kwa njia?' Nikisema mwalimu iko shule, basi, anaenda kucheza na bunda."

"Ananiulizia mimi?"

"Kila siku. Uliza askari ya geti."

Syokau aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angemharibia mtu riziki kwa dhana tu. Alimwomba radhi, naye Mursal akaitikia kwa kichwa bila kumtazama, akashika mtungi wake. Lakini chini ya ile aibu mwalimu alisikia furaha. Kumbe mtoto alikuwa akimngoja! Kumbe alikuwa na neno, akakosa tu pa kulisemea. Alirudi ndani, akapiga magoti sakafuni palepale penye ute wa uji, akainamisha kichwa mpaka akayaona macho mawili gizani.

"Kavindu, nimesikia unaniulizia. Nimekuja, siendi popote. Sasa tufanye kama Jumapili. Usiniambie mimi, mwambie Yesu. Unaogopa nini?"

Kasiva alisimama na kitambaa mkononi, hathubutu kusogea.

"Mtajie kwa jina, Kavindu. Anasikia."

Vidole vidogo vilikutana gizani. Macho yalifumbwa kwa nguvu.

"Yesu," alisema Kavindu, kwa sauti ndogo iliyokauka. "Naogopa Mwalimu. Alibisha hodi kwa kina Mwongeli, baba yao akawa amekufa. Akabisha kwa kina Munyoki, baba yao akawa amekufa. Leo amebisha kwetu tena. Baba yangu yuko Ifo. Tafadhali mwambie apite, aende nyumba nyingine, kabla hajasema."