Kipande Kando ya Uti wa Mgongo

"Mzee, una chuma chochote mwilini?" daktari aliuliza, kalamu juu ya fomu. "Kile kipimo cha Dar es Salaam ni sumaku kubwa. Inaweza kukisogeza kikakuua. Mwenye chuma hapimwi."

Baba, aliyepooza miguu tangu msimu wa korosho, alicheka. "Mimi mkulima, daktari. Chuma changu jembe, nalo liko shambani, kijijini Ziwani."

Chini ya meza aliviminya vidole vya binti yake, Mwanaamina.

Kila jioni, alipomkanda baba yake kwa mafuta ya nazi, vidole hivyo vilikigusa mgongoni kipande cha bomu ambacho mzee alitoka nacho vitani ng'ambo ya Ruvuma, kigumu kama kokwa ya zambarau. Na kipimo hicho ndicho kilichokuwa tumaini lao la mwisho.

Mwanaamina aliuchomoa mkono wake polepole.

"Daktari," alisema, "kipo."